Shukrani Isiwe ya Punda: Niliyoyaona Keroka

Wasomaji wapenzi, leo nitasema jambo ambalo najua litawakunja nyuso baadhi yenu. Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilisafiri hadi Keroka, bara kwa Wakisii, na huko nikaketi chini ya mti pembezoni mwa mkutano wa kanisa, nikajifunza juu ya shukrani jambo ambalo ilinipasa nilijue tangu nilipokuwa nikiandika ubaoni chuoni. Kabla hujauliza, "Mtu aliyehitimu juzuu amefuata nini huko?", nakuomba msomaji unisubiri hadi mwisho, kisha unihukumu.

Keroka si mji mkubwa. Umekaa juu ya barabara itokayo Sotik kuelekea Kisii, na mpaka wa kaunti mbili, Kisii na Nyamira, umepita papo hapo, hata kaunti zenyewe zimekuwa zikivutana juu ya ushuru wa mji huo tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Mtu wa Pwani akishuka pale asubuhi atatetemeka kwa baridi. Milima ni ya kijani kitupu, ndizi na majani ya chai kila upande, na soko lake limejaa kelele za akina mama wenye kujua kuuza. Mimi nilikwenda kumtazama rafiki yangu, mwalimu mstaafu, ambaye zamani alisomesha huku kwetu Mombasa tukawa tunakunywa kahawa pamoja. Mimi humwita Mwalimu, yeye huniita Shehe kwa utani, ingawa anajua fika kwamba ushehe sina.

Nilifika siku ya Ijumaa. Sala nilikuwa nimekwisha kuiswali msikitini mjini Kisii, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Mwalimu alinilaki, akanikalisha, kisha akatoka nje akarudi na jogoo hai mkononi na kisu. Akaniambia, "Shehe, chinja mwenyewe, ili ule kwa moyo mweupe. Na ufanye hima, maana jua likitua sisi hatupiki tena." Nikachinja. Tukala kwa ugali wa wimbi na ile mboga yao ya chinsaga, ambayo si nyingine ila mgagani wetu.

Nataja jogoo huyo kwa sababu. Mwenyeji wangu ni Msabato, na watu wa kanisa hilo ni wengi sana katika nchi ya Wakisii. Nyama ya nguruwe hawali. Ulevi wameharamishiwa. Siku yao huanza jua linapotua, kama siku yetu, maana na sisi tukisema usiku wa Ijumaa hatusemi ila usiku wa kuamkia Ijumaa. Basi Ijumaa yangu ilipokuwa ikimalizika, Sabato yake ilikuwa ikiingia, sote tumeketi kwenye baraza moja tukilitazama jua lile lile. Dini ni mbalimbali, wala sitaki mtu yeyote afikiri kwamba nimesahau zinapoachana. Lakini adabu ya mgeni niliyotendewa pale ilikuwa ni adabu ninayoijua.

Wasabato waliingia upande huo wa Kenya mwaka 1906, wakaanza Gendia, karibu na Ziwa Victoria, na mwaka 1912 wakajenga kituo chao Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii. Wakatoliki walikuwa wamekwisha tangulia Nyabururu mwaka 1911. Wala haikuwa saa njema kwa Wakisii. Mwaka 1905, na tena mwaka 1908, majeshi ya Waingereza yaliingia katika nchi yao, yakaua watu, yakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Nikamwuliza Mwalimu, "Watu waliotendewa hayo, waliwezaje kupokea dini kwa watu wenye rangi ile ile?" Akanijibu kwamba katika wale wawili waliofika Gendia mwaka 1906, mmoja alikuwa Mzungu, Arthur Carscallen, na wa pili alikuwa Mwafrika, Peter Nyambo, mtu wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. "Jina la kwanza," alisema, "kila mtoto wetu analijua. La pili inabidi uulize." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Shukrani yetu nayo ina upande inaoutazama."

Maneno hayo nimerudi nayo hadi Pwani.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kilele cha makambi. Makambi ni mkutano wao wa kila mwaka, watu hukusanyika siku kadhaa mahali pa wazi, wakasikiliza mafundisho, wakaimba, wakatoa sadaka. Mwalimu hakunilazimisha kwenda. Nilikwenda mwenyewe, nikatafuta mti nje ya hema, nikakaa na wazee waliokuwa na watoto wasiotulia. Watu walikuwa wameleta mikungu ya ndizi, maboga, kuku waliofungwa miguu, mahindi. Vyote vikawekwa kando vingoje siku ya kuuzwa, kwani siku ya Sabato hawafanyi biashara.

Nilitarajia, kama tulivyozoea katika nchi hii, kwamba ukifika wakati wa kutoa shukrani watasimamishwa wakubwa: fulani mheshimiwa, fulani mfadhili, fulani aliyetoka Nairobi na gari lake. La. Mzee wa kanisa alitoa karatasi mfukoni akaanza kuita majina ya watu ambao hakuna aliyewatazama wiki nzima. Aliyefagia uwanja. Waliopika. Aliyelala nje usiku akilinda vyombo. Kijana aliyechimba vyoo, naam, vyoo, akaitwa mbele za watu kwa jina lake na la baba yake, akapigiwa makofi. Kila mmoja alitajiwa kazi yake aliyoifanya, si kwa jumla jumla. Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mzee, mwembamba, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiteka maji ya kanisa. Akavishwa leso mabegani. Akatakiwa aseme neno.

Bibi akasema kwa Kikisii, na Mwalimu akanifasiria sikioni: "Nashukuru sana. Leso ni nzuri. Lakini mto haujasogea."

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa kila mtu alikuwa amefahamu. Bibi hakuwa na hasira wala hakuwa na mzaha. Alikuwa anasema kweli tupu: mmenishukuru, na kesho nitapanda kilima kile kile na ndoo ile ile. Yule mzee wa kanisa alisimama na karatasi yake mkononi kama mtoto aliyesahau somo. Halafu akafanya jambo ambalo kwangu mimi lilikuwa ndilo hotuba ya siku ile. Akawageukia vijana, akauliza nani atateka maji kuanzia wiki ijayo. Mikono ikainuka. Majina yakaandikwa pale pale, kila jina na wiki yake.

Jioni nilimwuliza Mwalimu juu ya neno lao la kushukuru. Wao husema "mbuya mono." Akanieleza kwamba ndani yake mna uzuri, yaani ni kama kusema, ni vyema sana. Nikacheka peke yangu, na yeye akataka kujua ninachocheka. Nikamwambia kwamba hata sisi neno letu ni hilo hilo. Ahsante tumelipata kwa Waarabu, na kwao ahsanta maana yake ni, umefanya vyema. Mkisii wa milimani na Mswahili wa ufukweni, kila mmoja kwa njia yake, wamekubaliana kwamba kumshukuru mtu ni kushuhudia wema alioutenda. Na ushahidi, kama ajuavyo kila aliyewahi kusimama mbele ya kadhi, hautolewi kwa jumla. Lazima useme ni nani, alifanya nini, na uliona.

Sasa tazama kinyume chake. Katika lugha ya Kiarabu kinyume cha kushukuru ni neno tulilolifanya kukufuru, na asili yake ni kufunika. Asiyeshukuru neema ameifunika, kama mkulima afunikavyo mbegu kwa udongo. Hajasema uongo. Amenyamaza tu, na wema ukazikwa. Mwenyezi Mungu katika Sura Ibrahim, aya ya 7, amewaahidi wenye kushukuru kuwazidishia, na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu. Haya tuliyasoma wadogo. Kwa nini basi ilinibidi nipande basi hadi Keroka ndipo niyaone kwa macho?

Wakristo wana kisa katika Injili ya Luka cha watu kumi wenye ukoma walioponywa na Nabii Isa (A.S.), akarudi mmoja tu kushukuru, naye alikuwa mgeni, si mtu wa kabila lao. Sisi tuna hadithi, imo katika Bukhari na Muslim, ya watu watatu wa Bani Israil: mwenye mbaranga, mwenye upara na kipofu. Malaika akawaponya kwa idhini ya Mungu, akampa mmoja ngamia, mmoja ng'ombe, mmoja kondoo, mali ikazaa. Aliporudi kwa sura ya maskini kuwaomba, wawili wakakana, wakasema mali hii tumeirithi kwa baba zetu. Kipofu peke yake ndiye aliyesema, nilikuwa kipofu Mungu akanirudishia macho, chukua utakacho. Kwao mmoja katika kumi, kwetu mmoja katika watatu. Hesabu zimetofautiana, lakini mwanadamu aliyehesabiwa ni yule yule.

Najua yako majibu mawili ambayo watu wetu huyatoa. La kwanza ni la mgema. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo, husema, ukimsifu muadhini atavimba kichwa, ukimsifu mwalimu wa watoto atadai nyongeza. Methali ni ya kweli, ila tunaitumia pasipo pake. Methali inasema kusifiwa, haikusema kushukuriwa. Sifa humtaja mtu mwenyewe: wewe ni hodari, huna mfano. Shukrani hutaja kazi na faida yake: ulinifunza kusoma, na leo nasoma. Sifa yaweza kuwa uongo na ikapendeza. Shukrani ikiwa uongo haiwi shukrani. Na ama hilo la kudai nyongeza, mara nyingi mgema anayetia maji kwenye tembo si yule aliyesifiwa, ni yule asiyelipwa.

Jibu la pili ni zito zaidi. Husema kwamba anayefanya kazi ya dini anaifanya lillahi, malipo yake yako kwa Mola, kumshukuru mbele za watu ni kumtia katika riya. Na hoja wanayo, maana katika Sura Al-Insan wamesifiwa wale wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Mungu, wasitake kwao malipo wala shukrani. Lakini hebu tuisome vizuri. Asiyetaka shukrani pale ni nani? Ni mtoaji. Hakuna mahali maskini aliyekula ameambiwa anyamaze. Wajibu wa mtoaji ni kutokudai, na wajibu wa mpokeaji ni kutokuficha. Sisi tumechukua adabu ya mtoaji tukaifanya kisingizio cha mpokeaji, na kwa kisingizio hicho tunamwachia Mungu madeni yaliyoandikwa kwa majina yetu.

Imam Ghazali katika Ihya ameijenga shukrani juu ya mambo matatu: elimu, hali na amali. Ujue neema na aliyeitoa, moyo ufurahi kwa hiyo, kisha uifanyie kazi. Yule bibi wa Keroka hakusoma Ghazali, lakini aliona kwamba walikuwa wamefika kwenye la pili wakataka kukaa. Akawasukuma hadi la tatu.

Wala nisiwasifu Wakristo kupita kiasi, maana wao wenyewe wanalijua donda lao. Nchi hii imeyaona mengi yanayoitwa ibada ya shukrani. Mwanasiasa ameshinda kura, analeta msafara, anapewa kipaza sauti, anatoa fedha mbele ya kamera, na kuanzia pale shukrani inageuka mkutano wa kampeni wenye nyimbo za dini. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Waanglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia makanisani mwezi wa Septemba 2021. Mwezi wa Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikataa fedha alizozitoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto jijini, akaamuru zirudishwe. Wako waliosema ni kukosa shukrani. Mimi nasema alikuwa akiilinda shukrani isinunuliwe. Ahsante iliyolipiwa kabla ya kutamkwa ni bidhaa, na Wakatoliki ndio hasa wenye haki ya kuona uchungu, kwa kuwa hata ibada yao kubwa, Ekaristi, jina lake kwa Kiyunani maana yake ni shukrani.

Nasi tusicheke. Futari zetu za mwezi mtukufu zimeanza kuwa na meza kuu. Maulidi mengine, mheshimiwa akichelewa, kisomo husubiri. Akija hutajwa kwa vyeo vyote, na wale mabibi waliokesha wakimenya vitunguu na kukoroga pilau jikoni hawatajwi hata kwa jumla.

Hapa ndipo nitakapojitaja mwenyewe, maana kalamu isiyomchoma mwenye kuishika ni ya kuazima. Mimi nilifunzwa alifu kwa kijiti na mzee mmoja maskini. Malipo yake yalikuwa senti chache za Alhamisi, na wazazi wetu wengine walichelewa hata hizo. Alinifunza Kurani, na kwa kunifunza herufi akanifunza vina, kwa vile ni yeye aliyetusomesha kasida tukazihifadhi kwa sauti. Kila senti niliyoipata kwa ushairi na uandishi ina mkono wake ndani. Katika umri wangu nimetunga beti za kuwalaki wakubwa, nikalipwa, na sasa hata majina ya baadhi yao sitaki kuyakumbuka. Mwalimu wangu sikumtungia hata ubeti mmoja. Nilikuwa nikisema, Idd ijayo nitakwenda. Idd zilikuja, na katika mojawapo nikaletewa habari kwamba amekwisha zikwa. Niliifunika neema, wasomaji wangu. Sikumtukana mtu, sikumdhulumu mtu. Nilinyamaza tu, mpaka udongo ukanisaidia kufunika.

Kwa mtu wa ushairi aibu hii ni kubwa zaidi, kwa sababu sisi tuna deni la wazi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayajua leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, Mwislamu wa mji huo huo, aliyakusanya na kuyaeleza, akishirikiana na William Taylor, ambaye alikuwa mmisionari wa Kikristo. William Hichens akaja kuyapiga chapa katika Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Kasisi na mwalimu wa chuo waliketi juu ya karatasi moja, na hakuna aliyetoka amebadili dini. Bila ya wawili hao tungekuwa na jina la Muyaka na beti chache vinywani mwa wazee. Lakini nenda kawaulize vijana Sikujua ni nani. Watakujibu kwa jina lake mwenyewe: sikujua. Mambo ya Nyambo kule ni mambo ya Sikujua huku.

Basi nilifuata nini Keroka? Nilifuata deni langu, na sikujua kama lipo huko.

Naomba jambo dogo kwa kamati za misikiti yetu na kwa kila mwenye nyumba. Idd inayokuja, baada ya hotuba, iandikwe karatasi kama ile ya mzee wa Keroka. Asitajwe mwenye gari. Atajwe muadhini aliyeamka kabla yetu miaka yote. Watajwe wanawake wanaoosha maiti, ambao sote tutapita mikononi mwao au mwa wenzao. Atajwe mchimba kaburi, mwenye kujaza birika za udhu, mwalimu wa madrasa. Kila mmoja kwa jina na kazi yake. Lakini karatasi hiyo isikunjwe kabla haijaulizwa swali la bibi: je, mto umesogea? Mshahara wa mwalimu umelipwa? Muadhini akiugua nani anamtazama? Bila ya hayo, leso itakuwa imemfunika bibi na kazi yake pamoja, na shukrani yetu itakuwa ile ya punda, ambayo wahenga walikwisha tuambia ni mateke.

Mimi niliporudi Mombasa sikusubiri Idd. Yupo mzee aliyekuwa khalifa chuoni kwetu, msaidizi wa mwalimu, aliyenishika mkono nilipokuwa siwezi kuandika mimu. Nilimkuta barazani kwake, macho yamempungua. Nilimtajia kazi aliyonifanyia, nikamwuliza ana haja gani. Akasema hana haja, ila angependa mtu wa kumsomea gazeti jioni. Sasa nakwenda kila Jumatatu na Alhamisi, na ukurasa huu nao nitamsomea, aamue mwenyewe kama nimesema sawa. Ubeti wa mwalimu wangu aliyetangulia nimeuchelewesha mno, lakini huu hapa:

Shukurani si maneno, ulimini yaishie,
Nyoosha nawe mkono, mzigo umshikie,
Aliyekufunza wino, yu hai mkimbilie,
Kaburi halina neno, radhi likurudishie.